Tambi za Pakiti au Supu ya Hotelini: Ipi Yafaa Zaidi?

Siku hizi si rahisi kuingia dukani, iwe Sirari mpakani, Tarime mjini, Nyamongo au Mugumu, usikute tambi za pakiti zimepangwa karibu na sabuni na majani ya chai. Wengi huziita "indomi" tu, hata kama pakiti imeandikwa jina jingine. Watoto wa shule hununua pakiti moja, huivunjavunja ingali imefungwa, humwagia ule unga wa viungo na kuitafuna kavu njiani. Na katika miji hiyo hiyo, kabla jua halijapanda, sufuria za supu zimekwisha kuinjikwa: supu ya ng'ombe, ya mbuzi, ya makongoro, ya utumbo. Wanaokwenda mnadani, vijana wa pikipiki na wachimbaji huanza siku yao hapo, kwa bakuli la supu na chapati mbili.

Kuhusu vyakula hivi viwili wauguzi tunaulizwa mara kwa mara. Akina mama huuliza kama ni kweli kwamba tambi za pakiti ni sumu. Akina baba hawaulizi, kwa kuwa wao wana hakika kwamba supu ni dawa. Basi nijibu mapema, kisha nieleze. Tambi si sumu, na supu si dawa. Kwa mtu mzima, kinachodhuru katika vyote viwili ni kitu kimoja kisichoonekana kwa macho, yaani chumvi, na mara nyingi iliyomo katika bakuli la hotelini ni nyingi kuliko ile ya pakiti. Kwa mtoto mdogo jibu ni jingine, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Zilivyoanza

Kule Japani, tambi katika mchuzi wa mifupa ni chakula cha hotelini tangu zamani. Mchuzi huchemka kwa saa nyingi, na mteja huletewa bakuli kubwa lenye nyama na majani. Baada ya vita kuu ya pili watu wengi walikuwa na njaa, na mfanyabiashara mmoja aitwaye Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan aliyekuwa akiishi Japani, alitafuta namna ya kumwezesha mtu kupata bakuli kama hilo nyumbani kwa kutumia maji ya moto tu. Mwaka 1958 alifaulu. Alipika tambi kwa mvuke, kisha akazikaanga katika mafuta. Maji yaliyomo ndani hutoka kwa nguvu na kuacha vitundu vidogo vidogo. Kwa hiyo tambi hizo hukaa kavu kwa miezi mingi bila kuoza, na zikimwagiwa maji ya moto hulainika kwa dakika chache. Mwaka 1971 kampuni yake ilileta zile za kwenye kikombe. Indomie yenyewe, iliyotupatia sisi jina, ilianza Indonesia mwaka 1972.

Hivyo tangu mwanzo pakiti ilikuwa ni mwigo wa supu ya hotelini. Ando aliiga ladha. Nyama na mboga, kwa sehemu kubwa, zilibaki hotelini.

Fungua pakiti

Ndani utakuta vitu viwili. Cha kwanza ni tambi zenyewe: unga mweupe wa ngano, mafuta, ambayo mara nyingi ni ya mawese, na chumvi kidogo. Cha pili ni vipakiti vya viungo: chumvi nyingi, kikoleza ladha, pilipili, rangi, na pengine mafuta. Pakiti ya kawaida ya gramu 70 humpa mlaji nguvu ya kalori 300 hivi au zaidi kidogo. Nguvu hiyo karibu yote hutoka katika wanga na mafuta. Protini ni gramu 6 au 7, kiasi kinachokaribiana na cha yai moja, lakini ni ya ngano, ambayo haiujengi mwili vizuri kama ile ya yai. Pakiti nyingine huongezwa vitamini na madini, nyingine haziongezwi. Nyama iliyochorwa juu ya karatasi haimo ndani.

Tuje kwenye chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ikijumlishwa ya vyakula vyote. Hicho ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Pakiti ndogo zinazouzwa kwetu nyingi huwa na gramu 2 hivi, ilhali zile kubwa kutoka Asia ya mbali huweza kufika gramu 4 na kupita. Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Nyuma ya pakiti tafuta mstari wa sodiamu, kipimo chake ni miligramu, kisha zidisha kwa mbili na nusu. Ikiandikwa miligramu 800, hiyo ni miligramu 2,000 za chumvi, yaani gramu 2. Kijana anayekula pakiti mbili kwa mlo mmoja, na wengi hufanya hivyo kwa sababu moja haishibishi, amekwisha kula karibu chumvi yote ya siku kabla ya kugusa ugali wa jioni.

Yapo maneno mengine yanayosemwa kuhusu tambi, nayo tuyapitie haraka. Kwamba zimepakwa nta: si kweli, unachokiona kikielea juu ya maji ni mafuta ya kukaangia. Kwamba hukaa tumboni siku tatu bila kusagwa: hakuna uthibitisho wake. Kwamba kile kikoleza ladha, monosodiamu glutameti, ambacho pakiti nyingi hukiandika kwa namba E621, huleta saratani: hilo nalo halijathibitishwa. Mjapani Kikunae Ikeda alikitambua mwaka 1908 katika mchuzi wa mwani, na kiasili kimo pia katika nyanya zilizoiva. Wapo wachache wanaosema kikizidi huumwa kichwa, na hao wakiepuke. Mimi nisingependa mama apoteze nguvu zake kuogopa nta isiyokuwapo, huku kipakiti cha chumvi akikimimina chote.

Utafiti mmoja ni wa kuangaliwa. Mwaka 2014 ulitolewa uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 10,000 wa Korea ya Kusini, nchi ambayo watu wake hula sana tambi hizi. Wanawake waliozila mara mbili au zaidi kwa juma walionekana kuwa zaidi na mkusanyiko wa matatizo yanayotangulia ugonjwa wa moyo na kisukari: kiuno kinene, presha, sukari na mafuta mabaya katika damu. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba tambi ndizo zilizosababisha, lakini unatutahadharisha tusizifanye chakula cha kila siku.

Supu ya hotelini nayo

Sasa twende kwa mama ntilie. Supu yake ina jambo moja zuri ambalo pakiti haina: ndani yake mna nyama. Vipande vinne vitano vya nyama ya ng'ombe vina protini ya kujenga mwili, na madini ya chuma yanayoongeza damu. Ini na figo vina chuma zaidi. Kwa msichana anayepata hedhi au mtu aliyetoka kuugua, hilo si jambo dogo.

Makongoro yanasifiwa kupita kiasi. Ule ute unaoganda supu ikipoa ni protini kweli, lakini ni pungufu, haiwezi peke yake kuchukua nafasi ya nyama, maharage au dagaa. Tena mifupa ikichemshwa haitoi chokaa nyingi kama watu wanavyodhani. Mwenye kutaka chokaa ya mifupa ale dagaa mzima, au anywe maziwa yaliyochemshwa. Makongoro ni matamu, nami huyala, ila siyaiti dawa ya magoti.

Na chumvi ya supu? Hapa ndipo wengi hushtuka. Supu inayosemwa "imekolea" huwa na chumvi gramu 8 hadi 10 katika kila lita. Bakuli kubwa la hotelini huchukua nusu lita. Piga hesabu: gramu 4 au 5, yaani chumvi ya siku nzima, imenywewa saa moja asubuhi. Katika sufuria hiyo hiyo mpishi ametia vidonge vya mchuzi, ambavyo kwa sehemu kubwa ni chumvi. Kisha mezani pana kopo la chumvi, na mteja hunyunyiza kabla hajaonja. Chapati nayo imekandwa kwa chumvi. Pakiti angalau imeandikwa kipimo mgongoni, lakini sufuria haina maandishi.

Wajapani wenyewe walijifunza jambo hili kwa uchungu. Kaskazini mwa nchi yao watu walikuwa wakila chumvi gramu 18 hivi kwa siku, katika supu, samaki wa chumvi na mboga za kuvundika, na kiharusi kiliwaua wengi, hata watu wa makamo. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ilifanya kampeni ya kupunguza chumvi. Kiasi kilishuka hadi gramu 14 hivi, ambazo bado ni nyingi, na vifo vya kiharusi vilipungua sana katika miaka iliyofuata, dawa za presha nazo zikisaidia.

Hapa Tanzania uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya kupanda. Wengi hawajijui, kwa maana presha haiumi. Mtu hulima, hucheka, huenda mnadani, hadi siku anapoanguka upande mmoja umekufa ganzi na mdomo umepinda. Ndipo huanza safari ya kumtafuta aliyemroga, na saa za kumwokoa zinapita njiani.

Nikumbuke baba mmoja aliyehudhuria kliniki yetu. Alikuwa na presha ya muda mrefu, na nyumbani mkewe alikuwa akipika bila chumvi hata watoto wakanung'unika. Dawa alimeza, lakini presha haikushuka. Tulipoongea naye polepole, akasema kila asubuhi hunywa supu karibu na stendi, bakuli kubwa, na huongeza chumvi kidogo "ili iamke". Yule mama alimgeukia akamtazama tu, hakusema neno. Hatukumwambia aache supu, maana tulijua asingeacha. Tulimwambia achukue bakuli dogo, aombe nyama zaidi na mchuzi kidogo, akamue ndimu mahali pa chumvi, na badala ya chapati ale ndizi za kuchemsha ambazo Tarime hazijawahi kutupungukia. Dawa aliendelea nazo. Baada ya miezi miwili kipimo kilikuwa kimeshuka vizuri.

Mtoto mdogo

Hapa nawaomba akina mama, akina bibi na dada wanaolea wasome taratibu.

Mama mmoja anayefanya biashara ng'ambo na ng'ambo ya mpaka huondoka nyumbani alfajiri. Mtoto wake alikuwa na miezi 10. Msichana wa kazi alikuwa akimpikia tambi asubuhi na jioni, akizipondaponda na mchuzi wake, kwa kuwa ni rahisi na mtoto huzipenda. Tulipotazama kadi ya kliniki, mstari wa uzito ulikuwa umelala kwa miezi mitatu. Viganja vilikuwa vyeupe kwa upungufu wa damu. Mama alishangaa kabisa. "Sista," akasema, "mbona mtoto anashiba na analala vizuri?"

Alisema kweli, mtoto alikuwa akishiba. Tumbo la mtoto wa miezi 10 ni dogo, likijazwa tambi hakuna nafasi ya kitu kingine. Amepata wanga na mafuta, hivyo halii. Lakini damu huhitaji chuma, misuli na ubongo huhitaji protini nzuri, macho na ngozi huhitaji vitamini A, na hivyo vyote vilikuwa haba katika bakuli lake. Tena mtoto ambaye hajatimiza mwaka haifai atiliwe chumvi katika chakula, kwa kuwa figo zake bado changa. Kipakiti kile kimoja ni mzigo kwake.

Si kwetu tu. Mwaka 2019 Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto, UNICEF, lilitoa ripoti ya lishe, na katika habari zilizoandikwa wakati huo Indonesia, Ufilipino na Malaysia zilitajwa kuwa nchi ambazo wazazi wenye shughuli nyingi hulisha watoto tambi za pakiti kwa kuwa ni rahisi na hushibisha, huku watoto wengi wakiwa na utapiamlo. Na nchini mwetu uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Tambi hazikuleta udumavu huo, ulikuwapo kabla yake. Lakini haziwezi kuuondoa, na zikichukua nafasi ya uji mzuri zinauongeza.

Mkoa wa Mara una vitu ambavyo kiwanda hakiwezi kuvitia katika pakiti. Tuna ulezi na mtama, dagaa wa Ziwa Victoria, maziwa, maharage, karanga, mgagani, mnavu na majani ya maboga. Yule mama tulimwelekeza hivi, na msichana wa kazi tulimwomba aje naye siku ya pili ili asikie mwenyewe, kwa sababu ndiye mpishi. Chukua dagaa waliokauka vizuri, ondoa vichwa na mchanga, waoshe, waanike tena, wakaange bila mafuta hadi wawe wakavu kabisa, uwatwange wawe unga. Unga huo huwekwa katika kopo lenye mfuniko. Kila unapopika uji mzito wa ulezi, ukiisha kuiva tia kijiko kimoja cha dagaa na kimoja cha karanga zilizosagwa, zisizo na ukungu hata kidogo, uache uchemke kidogo tena. Mchana mtoto ale ugali laini au ndizi zilizopondwa na maharage, pamoja na mboga za majani zilizokatwa ndogo ndogo. Kunyonya kuendelee hadi atimize miaka miwili. Dada akiwa na kopo la dagaa tayari, uji huo haumchukui muda mrefu kupita ule wa kupika tambi. Na mama akihesabu fedha za pakiti mbili kwa siku, kwa siku saba, ataona zinatosha dagaa na mayai kadhaa.

Mtoto yule alianza kupanda kwenye kadi mwezi uliofuata, akapewa na dawa ya kuongeza damu.

Ukitaka kuzila

Sitamkataza mtu mzima, wala mtoto wa shule, kula tambi mara moja moja. Usiku umeingia, mvua imelowesha kuni, kuna pakiti kabatini: zipike. Tia nusu tu ya kipakiti cha viungo, nusu nyingine itupe, usiitunze kwa ajili ya mboga ya kesho. Katika maji yanayochemka tia kitunguu, nyanya, karoti na mchicha mwingi au sukuma wiki, kisha vunja yai ndani au tia dagaa. Hapo umerudisha kile Ando alichokiacha hotelini. Mwenye kisukari apunguze tambi zenyewe na kuongeza mboga, kwa kuwa unga mweupe hupandisha sukari haraka. Mwenye presha au ugonjwa wa figo ni heri kipakiti asikitumie kabisa. Angalia tarehe ya mwisho na alama ya TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo pia linalosimamia usalama wa vyakula. Pakiti iliyotoboka au kuwekwa karibu na mafuta ya taa, iache dukani.

Kwa upande wa supu, bora kuliko zote ni ile uliyopika nyumbani, ambayo chumvi yake umeitia kwa mkono wako. Ukinunua, angalia kama sufuria inachemka kweli. Supu iliyobaki jana, ikakaa vuguvugu usiku kucha, ni shamba la vijidudu. Nyama iliyoiva sawasawa haiambukizi ugonjwa wa brusela, ambao wafugaji wengi wa Serengeti wameujua kwa homa zisizokwisha na maumivu ya viungo. Lakini kimeta ni habari nyingine. Vijidudu vyake hujifungia katika ganda gumu, na kuchemsha kwa kawaida si kinga ya kuaminika. Ng'ombe au mbuzi aliyekufa mwenyewe ghafla asichunwe, asiliwe, asigeuzwe supu ya bei nafuu. Mwiteni bwana mifugo.

Jambo moja la mwisho, ambalo halimo ndani ya pakiti wala ndani ya nyama. Supu na tambi huliwa zikiwa za moto sana, na mtoto anayetambaa huvuta kitambaa cha meza au kugonga bakuli lililowekwa sakafuni. Akiungua, mvue nguo iliyolowa maji ya moto, ila isiyogandamana na ngozi. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, samli, asali wala yai, na malengelenge usiyapasue. Mfunike kwa kitambaa safi, na umlete hospitali siku hiyo hiyo.